NOTI, DHAHABU YA SEKENKE, NA AMANA YA MUISLAMU

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Yapasa ijulikane, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa noti si mali kwa nafsi yake. Ni ahadi iliyoandikwa. Noti za Wadachi za mwaka 1905 zilipigwa chapa Ulaya, nazo zilipendeza: ya rupia 5 ina simba wawili, ya rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam, ya rupia 50 ina sura ya mfalme wao Wilhelm. Vita vilipoanza mwaka 1914 manowari za Waingereza zikaziba pwani, na noti zikapunguka. Tangu 1915 zikapigwa chapa humu humu nchini, karatasi duni zisizo na pambo. Na mwaka 1917 nyengine zikapigwa kwa herufi za mpira.

Na huko Sekenke, katika nchi ya Iramba iliyo leo katika mkoa wa Singida, dhahabu ilichimbwa. Ikachukuliwa Tabora, na mwaka 1916 zikafuliwa sarafu 16,198 za rupia 15, zenye sura ya tembo. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wadachi wakaiacha Tabora. Dhahabu ikabaki dhahabu. Noti ikabaki karatasi, kwa kuwa aliyetoa ahadi amekwenda zake.

Basi na tuweke mfano. Mfanya biashara wa pwani yuko Singida na bunda la noti, naye amekwisha kupata khabari kuwa serkali yao inashindwa. Akamwendea mfugaji asiye na khabari, akanunua ng'ombe wake wote. Akiulizwa, husema: "Ameridhia mwenyewe." Ridhaa ya asiyejua si ridhaa. Mtume s.a.w. alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta juu kukavu na chini kumeloa. Mwenyewe akataja mvua. Mtume akamlaumu kwa kutokuweka iliyoloa juu, watu waione, akamtoa mwenye kughushi katika wafuasi wake. Noti ile ni lundo lile.

Wala aliyepunjwa kwa noti hana ruhusa ya kumpunja wa pili. Khasara huishia hapa duniani; dhulma humngoja mtu kwenye hesabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali. Amin.