Mkono Huu Umekosa Nini?

Nyumbani kwetu yupo mjukuu wa miaka minne. Umri huo ni wa kujifunza: leo kufunga kifungo, kesho kuosha kikombe, keshokutwa kuvaa ndala pasipo kuzigeuza. Nasi tuliofundisha darasa la kwanza miaka mingi hatuwezi kunyamaza mtoto anapojifunza jambo. Kazi ya ualimu huisha, lakini tabia ya ualimu haiishi.

Basi mtoto huyu ana shoto. Kijiko hukishika kwa mkono wa kushoto, mpira huurusha kwa mkono huo, na akiokota kipande cha mkaa ili achore sakafuni, ni mkono huo huo. Kila mara tulimwambia, "Mkono huo!" Jumapili moja baada ya ibada alitutembelea mzee wa kanisa. Mtoto akatumwa kumpelekea maji ya kunywa, akampa kwa mkono wa kushoto, nasi tukamkaripia mbele ya mgeni. Jioni, wakati wa kunawa, aliunyosha mkono ule, akautazama mbele na nyuma, kisha akauliza, "Babu, mkono huu umekosa nini?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumelifikiri swali hilo, na tumeona kuwa lina swali kubwa zaidi ndani yake. Je, tunapowafundisha watoto wema, twawafundisha wema kweli, au twawafundisha mazoea yetu na kuyaita wema?

Tusiyadharau mazoea, maana yana sababu zake. Lugha yetu yenyewe yaonyesha: mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Wazee wetu walikula katika sahani moja, na maji yalitekwa mbali. Mkono mmoja ukawekwa kwa chakula, na mwingine kwa usafi wa chooni. Huko kulikuwa kumjali mwenzako unayekula naye. Kadhalika, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kulia ni kumwambia pasipo maneno kwamba unamheshimu. Mtoto asiyefundishwa hayo atawaudhi watu bila kujua, na lawama itakuwa yetu.

Lakini sisi tulivuka mpaka. Tulianza kwa kusema kwamba mkono huu si wa kulia chakula. Tukaendelea kusema kwamba ni mkono mbaya. Tukamalizia kwa kusema kwamba mwenye kuutumia ni mkaidi. Hapo hatukuwa tukifundisha heshima tena. Tulikuwa tukimhukumu mtoto kwa jinsi alivyoumbwa.

Yatupasa kukiri. Katika miaka ya 1980, tukiwa walimu vijana, alikuwapo darasani mwetu mvulana mwenye shoto. Tulimpiga rula kwenye vifundo vya vidole, na rula iliposhindwa tulimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili aandike kwa wa kulia. Mwandiko wake ukawa hausomeki. Mwisho wa mwaka tukaandika katika ripoti yake maneno mawili: "Hana bidii." Mtoto yule alikuwa akifanya bidii kuliko wenzake wote, maana wenzake walijifunza kuandika tu, naye alijifunza kuandika kwa mkono usio wake.

Leo yajulikana kwamba katika watu kumi, kama mmoja hivi ana shoto, na ndivyo ilivyo katika nchi nyingi. Wataalamu wametazama picha za watoto wangali tumboni mwa mama zao, wakaona kwamba mtoto hupendelea kunyonya kidole gumba cha mkono mmoja kuliko cha mwingine. Hajafundishwa na mtu, amekuja nao. Hata wafalme hawakuokoka. George wa Sita wa Uingereza, ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye shilingi za wazazi wetu, alizaliwa na shoto, akalazimishwa kuandika kwa kulia. Lakini mwaka 1926, kabla hajawa mfalme, alipocheza tenisi huko Wimbledon, aliishika raketi kwa mkono wa kushoto.

Huenda msomaji akatukumbusha Mathayo 25, kondoo kuumeni na mbuzi kushoto. Ni kweli. Lakini tusome sura yote. Wale wa kushoto hawakuulizwa walitumia mkono gani. Waliulizwa kama waliwalisha wenye njaa. Tena tusome Waamuzi 3. Ehudi, aliyeinuliwa na Mungu kuwaokoa Israeli mikononi mwa mfalme wa Moabu, alikuwa mtu wa shoto, na ushindi ule ulikuja kwa mkono huo. Katika Waamuzi 20 twasoma habari za watu mia saba wa Benyamini, wote wenye shoto, waliokuwa hodari wa kutupa mawe kwa kombeo bila kukosa. Nalo jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume!

Basi tufanyeje? Sisi tumeamua hivi. Kutoa, kupokea na kusalimu, tutamfundisha atumie mkono wa kulia, kwa upole, tukimweleza kwamba hiyo ni njia ya kuwaheshimu watu. Mtakatifu Paulo, katika 1 Wakorintho 8, alikubali kujinyima chakula ili asimkwaze ndugu yake, wala hakusema kwamba chakula kile ni kibaya. Lakini kuandika, kukata, kulima na kurusha mpira, na afanye kwa mkono aliopewa. Na akisahau, hatutamkaripia mbele ya wageni.

Jambo moja lilibaki. Yule mvulana wa darasa la kwanza sasa ni mtu mzima, seremala, tena anaishi si mbali. Tulimwendea. Tulimkuta akipiga msumeno kwa mkono wa kushoto, na mstari wake umenyoka. Alipotuona aliuweka chini, akatuamkia, "Shikamoo, mwalimu." Tukamwomba radhi. Alicheka, akasema hayo ni ya zamani. Kisha akasema, bila hasira, kwamba hata leo akiwa na jambo la kuandika humpa mkewe amwandikie.

Ndugu zangu wazazi, wadhamini wa ubatizo na walimu wa shule ya Jumapili, tunapokwenda kupokea Ushirika Mtakatifu twaweka kiganja cha kulia juu ya kile cha kushoto. Mkono wa kulia wapokea Mwili wa Bwana. Wa kushoto, ulio chini, waubeba ule unaopokea. Yote miwili imo. Siku ile jioni hatukujua la kumjibu mtoto. Sasa tumekwisha mjibu: "Mkono wako haukukosa kitu, mjukuu wangu. Aliyekosa ni babu."