Njaa ya Mgunda Mkali

Kati ya Ugogo na Unyanyembe, katika nchi ambayo leo ni Manyoni na Itigi mkoani Singida, misafara ya karne ya 19 ilipita pori lililoitwa Mgunda Mkali. Wapagazi waliliogopa. Visima vilikuwa vichache na vimeachana mno, hivyo msafara ulipiga tirikeza: mchana watu wanapika, wanakunywa, wanajaza vibuyu, alasiri wanaondoka, wanatembea mpaka jioni, wanalala pasipo maji, na alfajiri wanakikimbilia kisima cha mbele.

Mwishoni mwa 1860 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliingia humo na msafara mkubwa wenye bunduki, nguo na shanga. Njia haikuwa ngeni kwake, maana aliipita pamoja na mpelelezi mwenzake Richard Burton mwaka 1857. Lakini safari hii njaa ilikuwa imeenea njia nzima, na mvua zikamkuta porini. Makorongo yakafurika, chakula kikaisha, wapagazi wakatoroka. Alipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Januari 1861, alipiga hesabu ya safari yote tangu pwani: wapagazi 98 wa Kinyamwezi wametoroka, baghala 12 na punda 3 wamekufa, zaidi ya nusu ya mali imeibwa.

Anayeisoma hesabu hiyo huwalaumu upesi wapagazi. Mimi siwalaumu. Wanyamwezi walipanga safari zao kwa kufuata kilimo. Mvua zikianza, mtu alitaka awe shambani kwake. Kumtaka avuke Mgunda Mkali wakati huo, tumbo tupu, mzigo wa mwenzake begani, ni kumtaka asahau yote aliyofunzwa na njia. Nguo na shanga zilikuwepo tele, ila pasipo na mwenye nafaka ya kuuza haziwi chakula.

Nayakumbusha haya kwa sababu siku hizi watu hutembea kwa starehe. Mashambani Ufaransa njia ndefu za miguu zimechorwa alama nyeupe na nyekundu, na msafiri anaweza kulala katika nyumba za wageni huku mizigo yake ikitangulizwa kwa gari. Ni starehe nzuri, na Singida ina mahali pake pa kutembea: majabali makubwa ya mjini, mteremko wa Sekenke, msitu wa Mgori. Ila aliyezoea alama za kwenye miti asidhani atazikuta kwenye vichaka vya Itigi, vilivyosongamana hata mtu hamwoni mwenzake aliye hatua chache mbele. Wala asilitegemee ziwa kwa kuwa analiona. Ziwa Singidani, la hapo Singida, ni la chumvi. Unaweza kusimama ukingoni mwake na kiu yako.

Nenda kiangazi, Juni au Julai, kabla jua la Oktoba halijawaka. Pitia ofisi ya kijiji ueleze unakokwenda na siku ya kurudi. Maji yabebe mwenyewe, na unga pia, usihesabu chakula cha kijiji ambacho hujakifikia. Kisha tafuta warina asali, ambao riziki yao iko humo porini na wanajua kisima kipi kimekauka mwaka huu. Patana nao malipo kabla hamjaondoka, wale unachokula wewe, na siku watakaposema turudi, rudini.