Imla ya Mwiwa

Kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga waliponena hivyo walimtazama mkopaji moyoni mwake, furaha ya kupokea na huzuni ya kurejesha. Maneno ya deni lenyewe hawakuyatazama. Pengine hapakuwa na haja, kwani pishi ya mchele iliyopita uani kwa jirani ilipita kwa lugha ambayo wote wawili waliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Leo deni huja na karatasi zenye herufi za sisimizi, au huja katika kioo cha simu, na chini yake pana neno moja tu la kubonyeza: Nakubali. Je, mtu huwiwa kile alichokikubali bila ya kukifahamu?

Jibu la haraka ni ndiyo, maana saini ni ulimi wa mtu. Jibu hilo si la kubezwa. Lau kila mwiwa angeruhusiwa kusema "sikufahamu" siku ya kulipa, nani angemkopesha mwenziwe hata senti? Hata hivyo, jibu hilo linachukulia kwamba ulimi uliosema ulikuwa wa mwiwa.

Watu wa pwani wanayo hoja kongwe katika jambo hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu deni. Inaamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi awe muadilifu. Aghlabu wasomaji huishia hapo, na kumbe uzito uko mbele kidogo: anayetoa imla ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mwiwa, wala si mwia. Tofauti ya majina hayo mawili ni sauti moja ndogo, lakini aya imeweka kalamu upande wa mnyonge. Anayetamka deni lake kwa kinywa chake hawezi kusema kesho kwamba hakulijua. Mkataba wa leo umeigeuza imla hiyo: mwia ndiye anayetamka, na mwiwa huandika jina lake tu.

Wala si jambo la leo. Katika karne ya 19, mashamba ya Zanzibar yalifungwa kwa mkataba ulioitwa bei ya khiyari. Kwa jina, ilikuwa ni kuuza. Mwenye shamba alipokea fedha, akabakiwa na khiyari ya kulinunua tena kabla ya muda kwisha, na katika siku hizo aghlabu alilikodi kutoka kwa aliyemuuzia. Kodi hiyo ilisimama pahala pa riba, bila ya neno riba kuandikwa popote. Muda ukifika naye hana kitu, shamba limekwenda. Khiyari ni ndugu wa hiari kwa asili, na hapo ndipo penye uchungu. Kufikia mwaka 1934 madeni ya wakulima yalikuwa mazito hata serikali ya kikoloni ikatoa dikrii ya kudhibiti uhamishaji wa mashamba.

Maneno ya sasa ni makavu zaidi, lakini kazi yao ni ileile. Chukua "asilimia 15 kwa mwaka". Mtu akopa shilingi 1,200,000 za kulipa kwa miezi 12. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata pale ambapo nusu yake imekwisha kurejeshwa, atalipa riba ya 180,000. Ikipigwa juu ya salio linalobaki kila mwezi, atalipa pungufu kidogo ya 100,000. Asilimia ni ileile, karatasi ni ileile, na tofauti imo katika neno moja ambalo hakuna aliyemtafsiria.

Kadi ya mkopo ina neno lake, "kima cha chini". Lasikika kama huruma. Mwenye deni la 1,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, akiambiwa kima cha chini ni 50,000, atalipa na kulala usingizi, ilhali 30,000 ya fedha hizo imeliwa na riba, na deni limepungua kwa 20,000 tu. Asipolipa chochote kwa mwaka mzima, asilimia 3 hizo hazitakuwa 36, bali zaidi ya 42, kwa kuwa riba nayo huzaa. Wazungu waliiita kadi hiyo kwa neno lenye asili ya Kilatini, la kuamini. Kiswahili kilichagua kukopa, kitenzi ambacho kamusi kongwe zilikipa pia maana ya kughilibu. Aliyeifasiri pengine alisema kweli kuliko alivyokusudia.

Lakini mwiwa naye ana lake. Wapo wasiotaka kufahamu, maana kufahamu kungewazuia kuchukua. Huyo ameukimbia ulimi wake mwenyewe, na hawezi kumtupia mwia lawama zote.

Aya ileile ilimkumbuka pia asiyeweza kutoa imla: walii wake na aseme kwa niaba yake, kwa uadilifu. Bibi kizee anayempa mjukuu simu ambonyezee Nakubali amekwisha kujichagulia walii. Walii ana miaka 13, na wenziwe wanamwita uwanjani.