Vijana wa Burumba, Wekeni Tarehe

Wekeni tarehe kwanza. Mota, betri na fulana za timu vitafuata. Chagueni Jumamosi moja ya Januari, wakati ardhi imekauka na mvua ya masika ingali mbali, mwiandike kwa makaa kwenye ukuta wa gereji, kisha mwite watu waione. Wapenzi wa pikipiki ndogo za rimoti wana ugonjwa mmoja popote walipo: kila mmoja husema ataanza kushindana akishapata kifaa fulani, na msimu unapita huku mashine zikipigwa picha juu ya meza. Ugonjwa huo msiuruhusu uvuke mpaka ukaingia Burumba.

Nawaambia haya kwa sababu mji huu wetu wa Busia, ambao Burumba ni sehemu yake, una rekodi. Katika miaka ya 1960, abiria aliyefika hapa mpakani na mizigo yake alikabiliwa na mwendo wa kuchosha kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Vijana wa Busia wakafunga kijigodoro juu ya keria ya baiskeli, wakaanza kuwavusha watu. Hakuna aliyewapa mafunzo, na hakuna aliyewaletea mradi wenye nembo mlangoni. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, injini ikaingia mahali pa miguu, na wazo la hapa mpakani limetapakaa Afrika Mashariki nzima. Leo bodaboda inabeba wajawazito, magunia na majeneza. Ilianza na kijigodoro.

Basi kama kuna mji wenye haki ya kuwa na mbio zake za pikipiki za modeli, ni huu.

Tena mmeshaanza, ila hamjajihesabu. Mtoto wa mtaani kwenu anayekunja waya, akakata magurudumu kutoka kwenye kandambili iliyochakaa na kuunganisha mpini mrefu ili aendeshe akiwa wima, tayari anaendesha chombo asichokipanda. Anachokosa ni kuukata ule waya mrefu na kuweka redio mahali pake. Nikola Tesla alifanya hivyo mwaka 1898 kule Madison Square Garden, New York, alipowaonyesha watu mashua ndogo iliyotii amri bila waya wowote. Zaidi ya karne imepita. Kile kilichokuwa kioja wakati ule sasa kimo ndani ya vigari vya kuchezea vinavyotupwa jaani kwa sababu ya gia moja iliyovunjika.

Pikipiki ya modeli, hata hivyo, si kigari, na hapa ndipo ninapotaka mkae na mimi kidogo. Gari la rimoti lina magurudumu manne. Hata likiendeshwa na asiyejua kitu, likisimama halianguki. Pikipiki ya kipimo cha moja kwa tano ina urefu wa sentimita 40 hivi, ina magurudumu mawili, na ikisimama inalala. Haina mtu wa kutupa mguu chini. Ikienda polepole inayumba. Ikipata kasi inatulia.

Na inakataa kukunja kona kwa akili ya kawaida. Ukitaka iende kulia, foki lazima iguse kushoto kwanza, kidogo tu. Magurudumu yanatoka chini ya uzito, mwili unalala kulia, kisha foki yenyewe inafuata kulia. Mwendesha bodaboda yeyote wa Burumba hufanya hivi akiwa na abiria wawili na mkungu wa ndizi. Mikono yake inajua jambo ambalo ukimwuliza atakataa. Ndiyo maana sevo inayogeuza foki ya modeli haifungwi kwa chuma kigumu. Inaunganishwa kwa springi, ili foki ibaki na uhuru wa kujirekebisha. Ukiikaza, umeiua.

Kinachoifanya isianguke kimewatoa jasho hata wasomi. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba ni mzunguko wa magurudumu, au ni jinsi foki inavyoelekea. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell, walichapisha kazi yao katika jarida la Science: waliunda kibaiskeli kisichotegemea lolote kati ya hayo mawili, na bado kilijisimamia kikisukumwa kwa kasi ya kutosha. Kwa hiyo kijana akikwambia mashine yake inaanguka na hajui kwa nini, usimcheke. Amekaa kwenye swali zuri.

Viwanda vimepata njia zao za kusaidia. Watu wa kampuni ya Losi walipotoa Promoto-MX mwaka 2023, pikipiki ya vumbi ya kipimo cha moja kwa nne, waliweka ndani yake gurudumu zito linalozunguka kwa kasi ili kuishikilia wima. Ni mashine nzuri, na bei yake ni mamia ya dola kabla hata ushuru haujaguswa. Anayeweza, anunue. Sitaki mtu aone haya kwa kununua, wala sitaki aliyeunda yake kwa mabomba ya mwavuli aone haya akipangwa naye kwenye mstari mmoja.

Kuna kitu kimoja katika pikipiki hizi ninachokipenda kuliko vyote. Nyingi za lami zina vyuma vidogo pembeni vinavyozuia mwili usilale kabisa. Ikianguka inategemea chuma hicho, na dereva hana haja ya kukimbia uwanjani kuinyanyua. Anaongeza moto taratibu, gurudumu la nyuma linasukuma, na mashine inainuka yenyewe ikiwa inaondoka. Fungeni vyuma hivyo siku ya kwanza, kabla ya rangi na stika. Kuanguka kumo ndani ya mchezo, na fundi aliyeunda pikipiki yake akidhani haitaanguka ameunda pambo la sebuleni.

Sasa tembeeni barabarani mwenu kwa macho ya fundi. Anayetengeneza simu ana lehemu, mita na mkono usiotetemeka. Anayetengeneza laptopu ana betri zilizokufa ambazo ndani yake mara nyingi hukutwa seli za 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, na si zote zimekufa. Wa spea ana beringi. Mwanafunzi anayejua kompyuta kidogo anaweza kuipa chipu ya ESP32 kazi ya kupokea amri kutoka kwenye simu, na kipande cha MPU-6050 kitaipa hisia ya kulala na kuinuka. Fundi cherehani atamshonea dereva wa plastiki jaketi. Shida ya Burumba ni kwamba watu hawa wanapishana kila siku pale stegi na hawajawahi kukaa meza moja. Tarehe ya mbio ndiyo itakayowakalisha.

Mkishaiweka, kuna kazi ya mwanzo wa msimu isiyo na utamu, na ndiyo inayotenganisha waendeshaji na wapiga picha. Anzeni na betri. Seli ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, ikikaa kabatini miezi mingi ikiwa imejaa huzeeka, na ikiachwa ikashuka chini ya volti 3 huharibika. Ya kuhifadhiwa huachwa karibu na 3.8. Pimeni kila seli. Iliyovimba itolewe nje, isisukumwe ili iingie, na mtu asiache chaji ikiendelea huku amelala; nyumba zetu zimebanana.

Kisha beringi. Vumbi la murram huingia popote, nalo likikutana na grisi nyingi hugeuka msasa. Osheni, kausheni, pakeni mafuta kiasi. Matairi yaliyoanikwa juani msimu mzima hukauka hata kama hayajakwisha. Bonyezeni kwa kucha. Nati zote zipitiwe, hasa za ekseli ya nyuma.

Redio nayo ina adabu yake: washa rimoti kwanza, halafu pikipiki; wakati wa kuzima, pikipiki kwanza, rimoti mwisho. Anayegeuza utaratibu huo ataona mashine ikichapuka peke yake kuelekea kwenye vifundo vya miguu ya watu. Na wanaotumia redio za vigari vya kuchezea vya zamani, za megahezi 27 au 49, wajuane mapema. Mbili za mkondo mmoja zikiwashwa pamoja, rimoti moja itaendesha pikipiki mbili, na ugomvi utakaozuka hautaamuliwa na chifu. Redio za gigahezi 2.4 hazina tatizo hilo. Wengi wanaweza kukimbia pamoja.

Uwanja? Ombeni cha shule, kwa adabu, kwa barua, na mjitolee kufagia. Barabara kuu iacheni kabisa. Malori ya kuelekea Kampala na mbele yake hayana breki za kumwokoa mtoto anayefuata mashine ya sentimita 40. Chokaa, matairi ya zamani kwenye kona, sehemu moja ndefu ya kunyooka ili kila mtu aonje kasi yake, na kona moja mbaya ya kushoto. Inatosha.

Najua mtasikia nini nyumbani. Mama atauliza kama mtu mzima mwenye ndevu anacheza na vitu vya watoto. Mwonyesheni ndani. Mota isiyo na brashi, betri ya lithiamu, kidhibiti kinachogawa umeme, kisensa cha kulala: hiyo ni familia ileile ya sehemu zilizo ndani ya pikipiki za umeme zinazoundwa Nairobi na kampuni kama Roam. Bodaboda inabadilika tena, kama ilivyobadilika mwaka 2008, na safari hii fundi asiyejua kusoma volti atabaki akitazama. Kijana aliyeunguza kidhibiti cha modeli na kukielewa kilichoungua ana mwanzo mzuri kuliko aliyesoma habari zake tu. Na mabinti waje. Mchezo huu hauombi misuli. Unaomba utulivu wa kidole gumba, na sioni ni nani aliyewapa wavulana hatimiliki ya kidole gumba.

Kisha mtakapokuwa na mbio mbili tatu miguuni, pelekeni changamoto ng'ambo. Busia ya Uganda iko hapo, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe tarehe 24 Februari 2018, msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande mmoja tu. Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Watu wa Malaba, mpakani pia, nao wasiachwe. Wanajiona ndio wenye pikipiki, na ni vizuri mtu awasaidie kuwa na uhakika.

Mbio za kwanza zitakuwa na vurugu. Nusu ya mashine hazitamaliza mzunguko wa pili. Moja itagoma kuwaka mbele ya umati, na mwenyewe atasingizia jua. Msiahirishe kwa sababu hiyo. Iwe mizunguko mitano, anayemaliza ameshinda kitu, anayeanguka anarudi mstarini akiwa na bisibisi. Andikeni matokeo kwenye daftari, majina na muda, maana bila daftari mbio za pili hazitakuwa na wa kumfukuza. Anzeni saa tatu asubuhi, kabla ya jua kulainisha gundi za matairi.

Na akija mtu na gari la magurudumu manne akidai nalo ni la rimoti, msimfukuze. Mpeni daftari, ahesabu mizunguko.