Je, Kivuli Ni Cheusi?

Mtoto wa shule akiambiwa achore mti uliosimama juani, kivuli chake hukipaka rangi nyeusi. Ukimwuliza sababu, atajibu kwamba kila mtu ajua kuwa kivuli ni cheusi. Walakini hebu, msomaji, toka nje asubuhi jua likiwaka, ukitazame kivuli cha mkorosho juu ya shuka nyeupe. Utaona kina usamawati kidogo. Maana majani yameizuia nuru ya jua, bali nuru ya anga yazidi kukifikia.

Jambo hili lilileta ugomvi huko Paris, Ufaransa. Mwaka 1874 wachoraji kadhaa walionyesha picha zao, na mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, akawadhihaki kwa jina la Waimpreshonisti, aliloliokota katika picha moja ya Claude Monet. Watu walizoea vivuli vya hudhurungi. Hawa, waliopenda kuchora nje penye jua, walivipaka samawati na zambarau. Wengine wakasema macho yao ni magonjwa.

Je, walikuwa waongo? Katika baraza la wazee shahidi haulizwi watu husemaje. Huulizwa, Wewe uliona nini? Basi apakaye kivuli cheusi pasipo kukitazama, ushahidi wake ni wa kuazima, hata kama watu wote wamkubali.

Mtu atasema, Kama kila mmoja achora alionalo, ukweli u wapi? Hoja hii si ndogo. Lakini miaka ya 1890 na 1891 Monet alichora marundo ya ngano karibu na nyumbani kwake Giverny, picha 25 hivi: asubuhi, machweo, hata katika theluji. Rangi zote mbalimbali, na marundo ni yale yale. Picha hizo hazigombani, kwa kuwa kila moja yashuhudia saa yake.

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, miyombo huchipua majani mekundu kama shaba kabla ya mvua. Mvua ikiisha kunyesha, pori lote ni kijani. Vilima navyo kwa mbali ni samawati, ukivikaribia ni mawe ya kijivu. Mwanafunzi akileta picha ya pori jekundu, yuko mwalimu ambaye huikata kwa wino, na mtoto hujifunza kuyaamini maneno ya watu kuliko macho yake. Siku moja ataitwa barazani kushuhudia habari za mpaka wa shamba la mjane. Mimi, kabla sijagusa kalamu, ningemwuliza: Uliichora mwezi gani?