Hadithi ya Mtu ni Mali ya Nani? Sauti za Wamaori katika Fasihi

Fasihi ya Wamaori wa Nyuzilandi ni kongwe kuliko vitabu vyao. Hotuba za barazani, nyimbo za maombolezo na nasaba zilizokaririwa vizazi hata vizazi zilikuwapo kabla ya wamisionari kuleta maandishi, na katika karne ya 19 Wamaori walikuwa na magazeti kwa lugha yao. Vilivyochelewa ni vitabu vyao vya ubunifu kwa Kiingereza. Jarida la Te Ao Hou, lililoanza mwaka 1952, liliwafungulia wengi njia. Mwaka 1964 Hone Tuwhare, fundi wa boila, alitoa diwani ya No Ordinary Sun, na mwaka 1973 ikatoka Tangi ya Witi Ihimaera, riwaya ya kwanza ya Mmaori.

Utanzu huo ulizua swali zito. Riwaya ya Ulaya ilikua ikichunguza nafsi ya mtu mmoja. Mmaori hujulikana kwa whakapapa, yaani nasaba inayomuunganisha na ndugu, ardhi na marehemu wake. Katika Tangi, mwana anamzika baba yake, na msibani kwa Wamaori maiti husemeshwa ana kwa ana. Basi hadithi ya mtu wa namna hiyo ni ya nani?

Patricia Grace alilijibu kwa ufundi wa hali ya juu katika Potiki (1986). Mchongaji wa nyumba ya ukoo anaacha nafasi tupu kwa ajili ya mtu asiyejulikana bado. Usimulizi unapokezanwa na wanaukoo, huku wafanyabiashara wakiitaka ardhi yao. Mtoto Toko anauawa, lakini hanyamazi: anaendelea kusimulia akiwa kwenye ukuta uliochongwa. Kwa Grace, kifo hakimwondoi mtu katika mazungumzo ya jamaa zake.

Mabishano makali zaidi yalimhusu Keri Hulme, aliyeshinda Tuzo ya Booker mwaka 1985 kwa The Bone People. Mhakiki C. K. Stead alipinga riwaya hiyo kupewa tuzo nyingine, ile ya fasihi ya Kimaori, akisema kwamba kati ya babu na bibi wanane wa wazazi wa Hulme, Mmaori alikuwa mmoja tu. Hoja hiyo ilipima damu kwa sehemu, jambo lisilo na nafasi katika whakapapa. Nasaba haigawanyiki: aliyezaliwa na Ngāi Tahu, kama Hulme, ni wa Ngāi Tahu, na wahenga wa kabila hilo ni wake wote.