Likizo ya Kujipikia: Ni Nani Anayepumzika?



Desemba inakaribia, na kwenye chai ya baada ya ibada swali limeshaanza kuulizwa: mwaka huu tunakwenda tena baharini? Kabla ya kuchanga hata randi moja, sisi akina baba wa zile familia tatu zilizosafiri mara iliyopita tunaomba kusema jambo ambalo halijatutoka moyoni.

Kwa wasioijua habari hii, tulikodi nyumba Uvongo, karibu na Margate, pwani ya kusini ya KwaZulu-Natal, kuanzia 27 Desemba hadi Mwaka Mpya. Ni nyumba ya kujipikia: mwenyewe anakupa vitanda, jiko, friji na vyombo, chakula ni juu yako. Hoteli kwa watu kumi na wanne hatungeiweza. (Nyumba ilikuwa ya watu kumi. Tulimwambia mwenye nyumba ukweli, tukalipia magodoro ya ziada. Tunalitaja kwa sababu tunajua jinsi mambo hayo hufanyika.) Tuliondoka Johannesburg saa nane usiku, tukashika N3, tukateremka mlima wa Van Reenen kukipambazuka, na kabla ya adhuhuri watoto waliozaliwa huku waliiona kwa mara ya kwanza Bahari ya Hindi, ile ile inayopiga Tanga na Mombasa. Mmoja aliionja, akalalamika kwamba wameitia chumvi. Tulifurahi, na hatutaki mtu adhani tunaisema vibaya safari ile.

Jioni ya siku ya tatu tulikuwa barazani, sisi akina baba, tumenyoosha miguu. Tulikuwa tumechoma nyama mara mbili na tukajihesabu kuwa tumepika. Mama mmoja akatoka na beseni la vyombo, akalitua chini, akasema, "Mimi nimehamisha jiko tu. Lilikuwa Bertrams, sasa liko Uvongo." Akacheka. Nasi tukacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Baadaye tulihesabu. Chai na chapati za watu kumi na wanne asubuhi, wali mchana, ugali jioni (bugali, kwa ndugu zetu wa Kivu), na sombe iliyobebwa kutoka soko la Yeoville ikachemshwa muda mrefu kwenye jiko ambalo nusu yake haikuwaka. Halafu vyombo. Halafu mchanga, ambao kila mtoto aliuingiza ndani kwa miguu yake miwili. Mama huyo mwaka mzima huamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi teksi ya kwenda Sandton kusafisha nyumba ya watu. Maji ya bahari aliyagusa siku ya nne.

Neno lenyewe linatushtaki. Anayejipikia hula kazi ya mikono yake. Sisi tulipikiwa.

Tukarudi kwenye amri ya Sabato, Kutoka 20. Pale Mungu anataja waziwazi wanaopaswa kuacha kazi: wewe, watoto wako wa kiume na wa kike, watumishi wako, mifugo yako, hata mgeni anayekaa kwako. Ng'ombe anapumzika. Mke hakutajwa. Tumewahi kusikia wanaume wakilifanyia utani jambo hilo. Wapo walimu wa Maandiko wanaoeleza kwamba mke yumo ndani ya lile neno "wewe", kwa kuwa amri inasema na wote wawili walioshika nyumba, nasi tunaamini hivyo. Lakini tuone basi linatufikisha wapi. Kama yumo ndani ya "wewe", hayumo katika orodha ya wale ambao mimi nawaruhusu kupumzika. Ameamriwa pamoja nami, sawa na mimi. Na mimi nikikaa barazani huku yeye yuko kwenye moshi, amri nimeivunja kwa mikono yake.

Mtu atasema watoto lazima wale, na Uvongo mana haidondoki. Ni kweli. Lakini hata mana ilikuwa na mpango wake. Katika Kutoka 16 watu waliokota maradufu siku ya sita, wakaambiwa waoke na wachemshe mapema. Mungu hakuwaacha na njaa siku ya saba. Aliiondoa kazi njiani kabla. Sisi tulipanga petroli, pesa za vituo vya barabara, mpira na ndoano za kuvulia. Jiko hatukulipanga, kwa sababu tulijua lina mwenyewe.

Na kuna Yohana 21, ambayo tumeihubiri mara nyingi bila kuona nani alipika. Ni ufukweni, asubuhi, wanafunzi wamechoka kwa kuvua usiku kucha. Bwana aliyefufuka amewasha makaa, ana samaki na mkate, anawaita waje wale. Hakungoja Martha afike. Nasi tulikuwa ufukweni, na makaa tulikuwa nayo.

Wapo wanaouliza kama mgeni ana haki ya kwenda likizo huku nyumbani wanangoja fedha, na tunajua familia ambazo hazikuthubutu kuweka picha za bahari kwenye simu zao. Hilo lina uzito wake na tutaliandikia siku nyingine. Kwa leo tunasema tu kwamba mgeni yumo katika ile amri.

Sasa jambo lililotuuma zaidi. Nyuma ya nyumba ile kuna chumba kidogo chenye choo chake, mlango hauielekei bahari. Hapa Afrika Kusini chumba kama hicho huitwa khaya. Zamani familia za Wazungu zilizotoka huku Transvaal kwenda pwani zilikuja na mtumishi wao, akalala humo. Ufukwe haukuwa wake. Sheria ya kutenganisha watu katika mahali pa umma ilipitishwa 1953, ikafutwa 1990. Alikuja likizoni kufanya kazi, bahari akiisikia tu. Sisi tuliweka magodoro humo na kutikisa vichwa kwa huzuni juu ya mambo ya kale.

Asubuhi ya tarehe 1 Januari, tukifunga mizigo, ukapigwa hodi. Ni mama wa usafi, ametoka Gamalakhe, siku ya sikukuu, kwa sababu wageni wengine walikuwa wanaingia mchana. Sheria ya kazi inataka anayefanya kazi sikukuu alipwe mara mbili, lakini malipo si usingizi. Masufuria tulikuwa tumemwachia. Mashuka yalijaa mchanga. Mama yetu wa Bertrams hakusema neno. Alivua viatu, akachukua ufagio wa pili, akaanza upande wa pili wa sebule. Sisi tulisimama mlangoni na masanduku mkononi kama watu waliopotea, kisha tukayaweka chini.

Kumbukumbu la Torati 5 inairudia amri ile ile, na inatoa sababu yake: mtumishi wako apumzike kama wewe, kwa kuwa wewe nawe ulikuwa mtumwa Misri. Kanisani kwetu hakuna anayehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Wengi wetu mashuka ya watu tunayafua Jumatatu hadi Jumamosi.

Mama mchungaji alipoisoma barua hii alitupinga. Alisema kupika na wenzake bila kukimbilia kazini, wakiimba na kusimuliana, ndiyo likizo aliyoitamani, tusimfukuze jikoni kwa jina la Sabato. Tumekubali; hiari ni yake. Tunaona tu kwamba mtu huchagua vizuri akishajua kuwa hata akibaki amelala, chai itachemka.

Basi mapendekezo ya mwaka huu. Sombe itachemshwa na kugandishwa hapa Johannesburg kabla ya safari. Tutaondoka tarehe 2, ili tarehe 1 asiitwe mtu, na nyumba tutaifagia wenyewe. Zamu za jikoni, akina baba wawili kila siku, zimebandikwa kwenye ubao karibu na mlango. Mzee mmoja ameshaomba zamu yake ya tarehe 29 ibadilishwe, kwa kuwa hajui kusukuma chapati. Tumemjibu kwamba mkate pia huliwa.